Kununua chakula kwa pamoja mtaani: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali yanayorudiwa kila kikundi kipya kikianza, pamoja na yale ya watu waliowahi kuumizwa na kikundi cha zamani wakaapa hawarudi. Majibu yamefikiria zaidi Dar, kaya kama kumi mpaka ishirini za mtaa mmoja au flati moja, mnachanga hela, mnanunua jumla, mnagawana. Mlioko Kenya kuna swali lenu kule mwisho.

## Mwanzo kabisa

Hiki ni kitu gani hasa, ni kama vikoba?

Hapana. Kwenye vikoba unaweka hela, unakopa, mwisho wa mzunguko mnagawana faida. Hapa hela inageuka mchele. Mnaandika listi ya kila mtu anataka kilo ngapi za nini, kila mtu analipa, watu wawili wanaenda sokoni, mzigo unashushwa kwa mtu mwenye nafasi, mnapima, kila mtu anabeba chake. Hakuna faida ya kugawana, faida yako ni ile hela ambayo hukuitoa dukani.

Vikundi vingine vinachanganya vyote viwili, humohumo kuna mkopo humohumo kuna gunia la maharage. Mimi siungi mkono, mkianza hivo mtu aliyekopa hajarudisha anakuja kudai mgao wa mchele na ugomvi unakuwa wa vitu viwili kwa mpigo.

Kwani bei ya jumla inakuwaje chini hivo, si gunia ni lilelile?

Gunia ni lilelile ila limepita mikono. Mkulima kauza kwa mnunuzi wa kijijini, lori limelileta mjini, mfanyabiashara wa soko la Tandale kauza kwa mwenye duka, mwenye duka kalipa guta (kile chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo), kalipa pango, kalipa umeme, halafu anakaa mpaka saa tano usiku kukupimia nusu kilo. Kila mmoja hapo anachukua chake na wala sio wizi, ni kazi. Nyie mnachofanya ni kuifanya wenyewe ile kazi ya mwisho, ya kuusafirisha mzigo na kuupima.

Kitu kingine ambacho watu hawakihesabu ni udogo wa kipimo. Anayenunua mafuta ya kupima ya mia tano kila jioni analipa lita moja bei kubwa kuliko aliyenunua dumu, na mara nyingi huyohuyo ndo mwenye hela kidogo. Kwa hiyo kikundi kinamsaidia zaidi mtu wa robo kilo kuliko yule anayejaza toroli supamaketi.

Sema ukweli, naokoa shilingi ngapi?

Bei zinabadilika kila wiki kwa hiyo chukua hii kama mfano wa hesabu tu, sio bei ya leo. Tuseme mchele jumla ni 2,000 kwa kilo, gunia la kilo 100 ni 200,000. Guta, kuli na ushuru mgao wa gunia hilo 8,000, mifuko ya kugawia 1,000. Jumla 209,000. Kwenye kupima ikapotea kilo moja (inapotea, angalia swali la mgao kupungua), mmebaki na kilo 99, kila kilo imewagharimu kama 2,110. Dukani ni 2,600. Familia inayokula kilo 20 kwa mwezi inabakiwa na elfu tisa na mia saba na kitu.

Kwa mchele peke yake ni hiyo. Ongeza maharage, mafuta na unga, ukifika mwisho wa mwezi unaona kabisa. Lakini mtu akikwambia bajeti ya chakula itapungua nusu, huyo anakutafutia uanachama.

Hivi haya si ndo yale maduka ya ushirika ya enzi za Mwalimu?

Wazee ndo huuliza hili na wana haki ya kuuliza. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya kijiji yachukue nafasi, na mwaka huohuo serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Watu wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni hawawezi kusikia neno ushirika wakatabasamu.

Ila tofauti ni kubwa. Yale yaliletwa kutoka juu, na tatizo lenyewe lilikuwa bidhaa hazipo. Sasa bidhaa zipo kibao, shida ni bei. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Azimio la Arusha: Desemba 1844 huko Rochdale, Uingereza, watu 28, wakiwemo wafumaji, walichanga wakafungua duka lao wakauza unga, siagi, sukari, unga wa oti na mishumaa. Walikuwa na sheria mbili ambazo mpaka leo ndo zinaokoa vikundi: hakuna kukopa, na kinachobaki anarudishiwa mtu kulingana na alichonunua, sio kulingana na ukubwa wa jina lake.

## Nini cha kununua

Tuanze na vitu gani?

Vinne tu. Mchele, maharage, mafuta ya kula, na mahindi au unga. Vyote haviozi kesho, kila nyumba inakula, vinapimika, na tofauti ya jumla na rejareja inaonekana. Kikundi kinachoanza na listi ya vitu ishirini na tano kinakufa mwezi wa pili kwa sababu mnunuzi anazunguka soko mpaka jioni anatafuta iliki ya mama fulani.

Vitunguu na viazi mviringo vinaweza kufuata baadaye mkishazoeana, navyo vinanunuliwa kwa gunia Mabibo. Vinaharibika ndani ya gunia, kwa hiyo mgao ni siku hiyohiyo.

Mbona hamtaji sukari na ngano?

Kwa sababu mnaokoa kidogo. Vitu vya kiwandani vilivyofungwa tayari mangi (mwenye duka la mtaani) anauza kwa faida ndogo sana, anaviweka dukani ili uje ununue na vingine. Mfuko wa sukari wa kilo 50 mkigawana mnaweza kupata mia moja au mia mbili kwa kilo, halafu sukari ya Dar na unyevu huu inaganda, inamwagika, sisimizi wanajua mnapokaa. Kabla ya Ramadhani ndo inaleta maana kidogo, tena mnunue mapema kabla ya Shaabani kuisha maana baada ya hapo kila mtu yuko sokoni.

Nyanya, mboga na matunda je?

Tenga la nyanya Ilala ni rahisi ukilinganisha na fungu la genge, hilo kweli. Lakini tenga lina zilizoiva sana chini, zinapasuka njiani, na mgao wake lazima ufanyike ndani ya masaa. Halafu nani anachukua zilizobonyea? Hapo ndo undugu unaishia. Majirani watatu wanaweza kununua tenga wakagawana na mambo yakaenda, kikundi cha watu kumi na tano sishauri. Mwacheni mama wa genge afanye kazi yake.

Kuna msimu mzuri wa kununua?

Sana, na hapa ndo kuna hela kuliko hata kwenye kubishana bei. Mchele mpya unaanza kuingia kuanzia Mei na Juni, kutoka Kyela, Kilombero, Kahama na kwingine, kwa hiyo katikati ya mwaka bei huwa inatulia. Mahindi ya nyanda za juu kusini, Ruvuma, Rukwa na Iringa, yanafuata kidogo. Ukifika Januari mpaka Machi, stoo zimeisha, ada za shule zimebana, bei juu. Kikundi kilichokomaa kinachanga kidogokidogo kuanzia Januari ili Julai kinunue mchele wa miezi minne mitano kwa mpigo. Kikundi kipya kisijaribu hili mwaka wa kwanza, maana mnakuwa mmefungia hela nyingi na bado hamjajuana vizuri.

Nyama tunaweza?

Mwisho wa mwaka watu wengi huchanga ng'ombe mmoja kutoka mnada wa Pugu, na inawezekana kabisa. Ila achinjwe machinjioni, akaguliwe na mtaalamu wa mifugo, nyama igongwe muhuri, mambo ya kuchinjia uani ili kuokoa ada muachane nayo. Na mkubaliane mapema kabisa nani anapata nini, steki ni kidogo na utumbo ni mwingi, dawa yake ni kukata kila kitu mafungu sawa halafu mpige kura ya vikaratasi.

## Sokoni

Twende soko gani?

Nafaka Tandale. Ndizi, viazi na vitunguu Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Nyanya na matunda Ilala. Samaki Feri, alfajiri, na mnada wa Feri unataka mtu anayeujua, ukienda mgeni unapandishiwa bei na watu ambao hata hawanunui. Mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto apige hesabu ya usafiri kwanza, wakati mwingine soko la jirani lenye bei ya juu kidogo linashinda Tandale kwa sababu ya foleni na guta.

Gunia la lumbesa si ndo lina faida zaidi kwetu?

Unaona kilima kile juu ya gunia unafikiri umepata bonasi. Muuzaji anajua kuna nini mle kuliko wewe, na bei kaipanga akijua. Lumbesa inamuumiza mkulima kule shambani maana anauza kwa gunia badala ya kilo, na ni kosa kisheria, Wakala wa Vipimo wanakamata. Nyie nunueni kwa kilo. Mzigo uwekwe kwenye mzani mbele yenu, msome wenyewe, mpige picha. Muuzaji anayekataa kupima muageni kwa heshima mwende kwa mwingine, Tandale hakuna uhaba wa wauzaji.

Tutajuaje mchele ni mzuri mpaka chini?

Mwambieni achome bambo, kile chuma cha kutobolea gunia na kutoa nafaka kidogo ya kuangalia. Achome katikati na chini, sio juu tu, na achome kwenye magunia mnayochukua, sio lile la mfano lililofunguliwa mlangoni. Angalia chenga, mawe, harufu ya uvundo, na kama kuna nafaka za rangi mbili tofauti basi kuna mchanganyiko wa mchele wa zamani na mpya. Kiganja kikibaki na unga mwingi jua kuna wadudu. Mkiweza chukueni kilo moja mkapike kwanza nyumbani, mchele unaonukia guniani na kupikika kama uji si jambo la kugundua mkiwa na kilo 300.

Kwa mahindi na karanga kuwa mkali zaidi. Zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa achana nazo hata kama bei ni ya kutupa, sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu yake.

Risiti tunapataje wakati wauzaji wengi hawatoi?

Daftari. Muuzaji anaandika kilo, bei na jina lake, anaweka sahihi, mnapiga picha pamoja na mzani, picha inaingia kwenye grupu la wasapu hapohapo kabla hamjapakia. Mkilipa kwa simu ni bora zaidi, ujumbe wa muamala ni ushahidi.

## Hela

Kwanini nilipe kabla, kwani hamniamini?

Unaaminika ndio, ila Tandale hawakopeshi kwa uaminifu wako. Mtu mmoja akisema "niwekeeni kilo kumi nitalipa jioni", hela ya hizo kilo kumi imetoka kwa mwenzake. Jioni inakuwa kesho, kesho inakuwa mwisho wa mwezi, na mtu mwenye aibu ya kudai anaacha kuchangia kimyakimya, kikundi kinakufa bila hata ugomvi. Sheria iwe moja kwa wote, mwenyekiti na mama mchungaji wakiwemo: hela haijafika siku ya kufunga listi, jina halipo. Hakuna kununa.

Nani ashike hela?

Asishike mtu mmoja kwenye simu yake ya kila siku, hata awe nani, maana mtoto akiumwa usiku ile hela ipo palepale mkononi na yeyote angeitumia. Tumieni huduma za vikundi za mitandao ya simu kama M-Koba, kila mwanachama anaona kilichoingia, au fungueni akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Anayetunza hela asiwe ndo anayeenda sokoni, na anayeenda sokoni asiwe ndo anayepima mgao. Watu watatu tofauti. Mkiwa wachache kiasi kwamba hata watatu hampati basi nyie sio kikundi bado, nunueni tu kama marafiki.

Anayeenda sokoni alipwe?

Alipwe. Nauli, chai, na kitu kidogo cha jasho lake, kiandikwe wazi kwenye hesabu. Watu wanaona uchoyo hapo, wanasema si anajitolea kwa ajili yetu sote. Mnunuzi asiyelipwa ama atachoka ama atajilipa mwenyewe kwenye bei, na hiyo ya pili hutaiona. Pia wabadilishane, ila si kila mwezi, anayejua bei na sura za wauzaji ana thamani yake.

Kuna sehemu nyingine wanakwepa malipo kwa kumfanyisha kila mtu kazi. Park Slope Food Coop ya Brooklyn, Marekani, iliyoanza 1973, inauzia wanachama tu na wanachama wenyewe ndo wanafanya sehemu kubwa ya kazi za duka kwa zamu. Mkiweza zamu kama hizo za kupakua na kupima, vizuri sana, ila sokoni peleka anayejua.

Tulinunua kilo 100, mgao umeishia 98. Kuna mwizi?

Labda, lakini anza na hesabu. Kilo 100 ukigawa mafungu 20 ya kilo tano, na kila fungu ukaongeza gramu 50 ili mwenzio asione umembania, umeshagawa kilo nzima ya hewani. Weka na uliomwagika na uzito wa gunia lenyewe. Upungufu wa kilo moja au moja na nusu kwa gunia ni kawaida na uingizwe kwenye bei tangu mwanzo kama kwenye mfano wa juu. Ikifika kilo tatu nne kila mara, hapo kaeni kikao.

Nunueni mzani wenu. Ndo kitu cha kwanza cha kununua kabla hata ya mchele, na kama unatumika kuuzia watu upelekwe kwa Wakala wa Vipimo wauhakiki na kuugonga muhuri kila mwaka. Masado (ndoo ndogo za kupimia) na makopo yaacheni, sado ya maharage ya huyu na ya yule hazilingani hata siku moja.

## Kuhifadhi

Mchele wa miezi mitatu niuweke wapi nina chumba kimoja?

Usinunue wa miezi mitatu. Nunua wa mwezi, kikundi kipo na mwezi ujao. Wenye nafasi waweke juu ya mbao, mbali na ukuta, chombo chenye mfuniko unaobana. Kwa nafaka na maharage kuna ile mifuko ya PICS yenye plastiki mbili ndani ambayo ukiifunga vizuri hewa haiingii na wadudu wanakufa wenyewe bila dawa, ila nafaka iwe imekauka kweli. Dona haikai kama sembe kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta, inachachuka, saga ya wiki mbili tatu tu. Maharage hayaozi haraka ila yakikaa sana yanakuwa magumu na mnachookoa kwenye bei mnakimaliza kwenye mkaa.

Naweza kuweka vile vidonge vya kufukuza wadudu?

Usiweke ndani ya nyumba mnayolala, kamwe. Vile vidonge vya kufukizia nafaka vikikutana na unyevu vinatoa gesi inayoua wadudu, na inaua watu vilevile.

## Sheria

Lazima tusajili?

Majirani kununua magunia mawili na kugawana haiwi kampuni. Ila mkitaka akaunti ya benki, au ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, mtahitaji usajili wa kikundi, anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkiwa na katiba na majina. Mkianza kuweka akiba na kukopeshana mnaangukia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mkitaka kuwa chama cha ushirika kamili chenye hisa na duka, hiyo ni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, muoneni afisa ushirika wa halmashauri, na mjiandae na ukaguzi wa hesabu.

Watu wasio wanachama wanataka kununua, tuwauzie?

Mkiuza kwa faida kwa watu wa nje mmeshakuwa wafanyabiashara, leseni na TRA vinawahusu. Mimi ningewaambia wajiunge au wasubiri.

## Kesi za pembeni

Naishi geto peke yangu, kilo tano kwa mwezi zinanitosha. Si nitaonekana nasumbua?

Kikundi kizuri kinaweka kiwango cha chini kidogo tu, hata kilo mbili tatu, na listi ya nani kachukua ngapi haisomwi kwa sauti. Kama wanakucheka kwa kilo tano, tafuta mageto mengine matatu muandikishe jina moja.

Mangi wa mtaani atanichukia?

Ataona. Na usijitie ujinga, mangi ndo anakukopesha tarehe 22 ukiwa huna kitu, kikundi hakikopeshi. Endelea kununua kwake sabuni, sukari, majani, mkate, chumvi na vocha, na lipa deni lake kwa wakati. Kuna vikundi vilivyoenda mbali zaidi vikamfuata mangi mwenyewe, sisi watu kumi na mbili tunalipa taslimu mapema gunia tatu, tupe bei gani? Akikubali mmeokoa safari, guta, na urafiki. Jaribuni hili kabla ya kwenda Tandale, watu wengi hawajaribu.

Tuko Kenya, inafanya kazi?

Tena nyie chama mmezoea. Nairobi watu hununua Marikiti, Mombasa Kongowea, na vipimo vya kuviangalia ni gorogoro na debe, hadithi ni ileile ya sado kwa hiyo nunueni kwa kilo. Usajili wa vikundi uko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Nimehama katikati ya mwezi na nimeshalipa.

Kama listi haijafungwa unarudishiwa hela yote. Kama mzigo umeshanunuliwa, mgao ni wako, uje uchukue au uuze kwa mwanachama mwenzio kwa bei ya kikundi. Kudai hela wakati mchele wako umekaa kwenye kona unakungoja haiwezekani, imeshalipwa kwa muuzaji.

Kikundi kinavunjika, tunagawanaje?

Gawaneni kwanza chakula kilichobaki kulingana na kila mtu alicholipia. Halafu hela ya akiba ya nauli na mifuko, sawa kwa sawa kwa waliopo. Mzani pigeni mnada wenyewe kwa wenyewe, anayetoa zaidi achukue, na mara nyingi anayeuchukua ndo yule ambaye mwezi unaofuata anaanzisha kikundi kingine na nusu ya watu walewale.